Avukaye Mpaka: Msaliti au Mwaminifu?

Kuna maneno ambayo watu huyatamka upesi kuliko wanavyoyapima. Neno moja la namna hiyo ni «msaliti». Mtu akiacha upande wake akaenda upande wa adui, wale aliowaacha humwita msaliti siku ile ile, na wale aliowaendea humwita shujaa siku ile ile. Mtu ni mmoja, tendo ni moja, lakini majina ni mawili. Basi yatupasa kuuliza: jina gani ni la kweli? Na tukitaka kuhukumu tendo kama hilo kwa haki, tufuate njia gani?

Tusijibu kwa maneno matupu. Tuchukue maisha ya mama mmoja wa Korea, jina lake Ryu Mi-yong, aliyezaliwa mwaka 1921 akafa mwaka 2016. Mama huyo aliishi Korea ya Kusini kama mke wa waziri na balozi. Akafa Korea ya Kaskazini, akiwa mkuu wa chama cha siasa na mmoja wa wakubwa wa Bunge la huko.

NCHI ILIYOKATWA

Ili tumwelewe mama huyo, kwanza tuielewe nchi yake. Korea ilikuwa nchi moja kwa karne nyingi, yenye lugha moja, desturi moja na mfalme mmoja. Mwaka 1910 Wajapani waliitwaa, wakaitawala hata mwaka 1945. Japani iliposhindwa katika vita kuu, Warusi na Waamerika waligawana kazi ya kupokea silaha za Wajapani: Warusi upande wa kaskazini, Waamerika upande wa kusini. Mstari uliowatenga ulipita kwenye digrii ya 38. Mstari ule ulichorwa kwa muda tu; lakini mwaka 1948 zilisimama serikali mbili, moja Seoul na moja Pyongyang, na kila moja ilisema ya kuwa Korea yote ni yake.

Tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya Kaskazini yalivuka mstari, na vita ikawaka miaka 3. Tarehe 27 Julai 1953 wakubwa wa majeshi walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Mapatano ya amani yenyewe hayajafanywa hata leo. Kati ya pande mbili lilibaki eneo lenye upana wa kilometa 4 na urefu wa kilometa 250 hivi, limezungushiwa nyaya na mabomu ya kufukiwa. Mtu wa kawaida hawezi kulipita. Mume aliyekuwa safarini siku ile alibaki upande mmoja, na mke wake upande wa pili. Mama alibaki huku na mwanawe kule, bila barua, bila habari, miaka 10, 30, 50. Wazee wetu husema: Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi za Korea ni jamaa hizo.

MAISHA YA MAMA HUYO

Ryu Mi-yong alilelewa nyumbani mwa Ryu Tong-yol, mmoja wa wazee waliopigania uhuru wa Korea wakiwa wakimbizi huko Uchina. Mume wake, Choe Deok-sin, alizaliwa mwaka 1914, naye alikuwa mwana wa mpigania uhuru mwingine, Choe Dong-o. Huyo Choe Dong-o alikuwa mkuu wa shule ndogo ya Wakorea katika Manchuria, na mwaka 1926 kijana mmoja alisoma kwake kwa muda mfupi. Kijana yule ndiye Kim Il-sung, aliyekuja kuitawala Korea ya Kaskazini. Tulikumbuke neno hilo. Tukumbuke vilevile ya kuwa katika mwaka 1950, vita ilipowaka, wazee wale wawili walichukuliwa kaskazini, wala hawakurudi tena. Makaburi yao yako huko.

Mume wake alipanda vyeo vingi katika Korea ya Kusini. Alikuwa jenerali. Mwezi wa Februari 1951 askari wa divizioni ya 11, ambayo yeye alikuwa mkuu wake, waliwaua wanavijiji zaidi ya 700 katika wilaya ya Geochang, wakiwashuku ya kuwa wanawasaidia waasi. Wengi wa waliouawa walikuwa wazee, wanawake na watoto. Baada ya vita alitumwa kuwa balozi katika Vietnam ya Kusini. Tangu 1961 hata 1963 alikuwa waziri wa mambo ya nchi za nje chini ya Jenerali Park Chung-hee, kisha balozi katika Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1967 wapelelezi wa Seoul waliwakamata kwa hila Wakorea waliokaa Ujerumani, wakawapeleka kwao kuhukumiwa. Wajerumani walikasirika sana, na balozi akarudi nyumbani.

Baada ya hayo Choe Deok-sin aliwekwa kuwa mkuu wa dini ya Chondogyo, maana yake «dini ya njia ya mbingu». Dini hiyo ilianzishwa na Choe Je-u mwaka 1860, kwa jina la Donghak, yaani «elimu ya mashariki», ili ijibizane na «elimu ya magharibi», ambayo ndiyo jina Wakorea walilowapa Wakatoliki. Fundisho lake kubwa ni kwamba mtu ni mbingu: amgusaye mtu amegusa mbingu.

Katika miaka ya 1970 Choe Deok-sin aligombana na serikali ya Park, naye na mke wake wakahamia Marekani. Mwaka 1981 alifika Pyongyang. Mwaka 1986 wote wawili wakahamia Korea ya Kaskazini moja kwa moja. Mume alikuwa mwenye miaka zaidi ya 70, mama miaka 65. Watoto wao hawakuhamia pamoja nao.

Mume alikufa mwaka 1989. Mama hakurudi. Mwaka 1993 aliwekwa kuwa mkuu wa Chama cha Chongu, chama cha waumini wa Chondogyo katika Kaskazini, naye akaingia katika halmashauri ya kudumu ya Bunge. Alikaa Kaskazini miaka 30 kamili, akafa mwezi wa Novemba 2016, akazikwa karibu na mume wake katika makaburi ya mashujaa huko Pyongyang.

NJIA YA KUHUKUMU

Kusini watu walisema: Huyu ni msaliti. Kaskazini walisema: Huyu ni mpenda nchi. Tukitazama vizuri, twaona ya kuwa pande zote mbili zimetumia kipimo kimoja: «Ametufaidia sisi, au amewafaidia adui zetu?» Kipimo hicho kinapima faida. Hakipimi haki.

Katika masomo ya maadili tulifundishwa kupima kila tendo kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mambo yanayolizunguka tendo. Moja likiwa bovu, tendo zima limeharibika, kama vile mafuta mazuri yatiwapo katika chungu chenye sumu. Tutumie kipimo hicho.

TENDO LENYEWE

Je, kuacha serikali moja na kwenda kukaa chini ya nyingine ni kosa kwa lenyewe? Hapana. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha wazi ya kuwa mtu ana haki ya kuhama na kukaa katika nchi nyingine akiwa na sababu za haki. Kuwa raia wa nchi fulani hakumwondolei mtu ujamaa wake katika jamaa kubwa ya wanadamu.

Watu watajibu: «Kuhama ni halali, lakini si kuhamia kwa adui.» Hapo tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani nchi na serikali. Nchi ni watu, ardhi, lugha, makaburi ya wazee, nyimbo za kubembelezea watoto. Serikali ni mlinzi aliyepewa kazi ya kuitunza nchi. Mlinzi aweza kubadilishwa, nyumba ikabaki. Methali yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya Mkorea ni ipi? Seoul peke yake? Pyongyang peke yake? Mama huyo alikwenda mahali palipo na makaburi ya baba yake na baba mkwe wake, kwa watu wasemao lugha yake. Haielekei kusema ya kuwa aliikana asili.

Liko jambo lingine, nalo ni ahadi. Mtu anayeshika kazi ya jenerali au waziri ameahidi mbele ya watu kuwatumikia kwa uaminifu, naye hupewa siri zao. Akienda kwa adui na siri zile, amevunja ahadi, hata kama adui ni ndugu yake. Kwa upande huo hesabu ya mume ilikuwa nzito kuliko ya mke. Mama hakuwa na cheo katika serikali ya Kusini. Wengine humtetea zaidi wakisema: «Yeye alimfuata mume wake tu, kama wanawake wa zamani.» Utetezi huo haumfai. Mume alikufa 1989, naye mama aliishi miaka 27 baada yake, akashika uongozi, akasema mbele ya watu, akatia sahihi barua. Kumwita mfuasi tu ni kumnyima heshima ya kuwa mtu mwenye akili na hiari yake mwenyewe. Aliyoyatenda ni yake.

Basi kwa tendo lenyewe twasema: kuvuka kule hakukuwa usaliti wa nchi.

NIA

Nia ya mtu hatuioni. Twaona alama zake tu. Alama ya kwanza ni neno ambalo mama huyo na mume wake walilisema daima: muungano wa Korea. Hilo ni jambo jema. Kila Mkorea mwenye jamaa upande wa pili amelililia. Alama ya pili ni makaburi ya wazazi. Alama ya tatu ni uchungu juu ya Park Chung-hee. Lakini hapo tuangalie tarehe: Park aliuawa mwaka 1979, nao walivuka mwaka 1986. Uchungu juu ya mtu aliyekwisha kufa hautoshi kueleza safari ya miaka 7 baadaye. Kweli, jenerali mwingine, Chun Doo-hwan, alikuwa ameshika utawala kwa nguvu, na Korea ya Kusini haikuwa bado na uhuru.

Tuseme basi ya kuwa nia yao ilikuwa njema. Je, yatosha? Haitoshi. Nia njema yataka njia njema. Hapo ndipo shitaka zito zaidi linapomkabili mama Ryu, nalo halitoki kwa adui zake. Latoka katika dini yake mwenyewe.

Chama cha Chongu kilianzishwa mwaka 1946, na mwanzoni kilikuwa na wafuasi wengi, hasa wakulima. Baadaye kilifungwa nira chini ya Chama cha Wafanyakazi kinachotawala, kisiwe na neno lake chenyewe. Tena, katika mwaka 2014, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na mwamuzi Michael Kirby wa Australia ilieleza ya kuwa katika Korea ya Kaskazini kuna makambi ya wafungwa wa siasa, watu hufa njaa na kuteswa humo, na mara nyingi mtu mmoja akishitakiwa jamaa yake yote hufungwa pamoja naye. Tume iliyaita mambo hayo uovu juu ya wanadamu wote. Sasa tuulize: mtu anayeamini ya kuwa mtu ni mbingu, awezaje kukaa katika kiti cha heshima karibu na makambi hayo, miaka 30, asiseme neno mbele ya watu?

Tusimhukumu upesi. Aweza kujibu: «Ningesema, ningefungwa, nikifungwa, nani angefaidika? Nilikaa kimya ili nifanye jema lililowezekana.» Jibu hilo lina uzito, na lina mfano wake. Mwezi wa Juni 2000 wakuu wa Korea mbili, Kim Dae-jung na Kim Jong-il, walikutana Pyongyang kwa mara ya kwanza. Kim Dae-jung, ambaye alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa kwa jina la Thomas More, aliomba jamaa zilizotengana zionane. Tarehe 15 Agosti 2000 ndege kutoka Pyongyang ilitua Seoul, imechukua wazee 100 waliokuja kuonana na ndugu zao. Ndege ile ile ikarudi na wazee 100 wa Kusini. Mkuu wa msafara wa Kaskazini alikuwa Ryu Mi-yong, mwenye miaka 79. Wakorea wote waliona katika televisheni wazee wakishikana, wakilia, mtoto wa miaka 60 akipiga magoti mbele ya mama wa miaka 90. Jema lile lilikuwa jema la kweli, na mama Ryu alikuwa na sehemu yake.

Lakini tulipime hata hilo. Katika Kusini watu zaidi ya 130,000 wameandikisha majina yao ili waonane na jamaa zao. Mikutano ilifanywa mara 21 tu, ya mwisho mwaka 2018, na kila mara walichaguliwa watu wachache, wakikaa pamoja siku mbili tatu chini ya macho ya walinzi, kisha wakatengana. Wengi wa walioandikwa wamekwisha kufa. Serikali ya Pyongyang ilifungua mlango na kuufunga kama mtu anayeuza maji wakati wa kiangazi. Aliyekaa kimya ili mlango ufunguliwe hakuwa na ufunguo.

Tena, njia ya kuvuka haikuwa njia ya pekee ya kupinga ubaya wa Kusini. Mwezi wa Juni 1987, katika mwaka uliofuata ule waliovuka, watu wa Seoul walijaa barabarani kudai uhuru. Wanafunzi walikimbilia katika kanisa kubwa la Myeongdong, na Kardinali Stephen Kim Sou-hwan aliwaambia wakubwa wa serikali ya kuwa polisi wakitaka kuwakamata wale vijana, watamkuta kwanza yeye, kisha mapadri, kisha masista. Polisi hawakuingia. Serikali ilikubali raia wamchague rais wao wenyewe. Wale waliobaki nyumbani na kusema kweli walibadili mengi.

MAMBO YANAYOLIZUNGUKA TENDO

Sasa tufike kwa watoto. Wahenga wamesema: Mchuma janga hula na wa kwao. Katika Korea ya Kusini neno hilo lilikuwa kama sheria. Mtu akivuka kwenda Kaskazini, jamaa yake iliyobaki iliandikwa katika vitabu vya polisi. Mwana alikataliwa kazi ya serikali, binti alikosa mchumba. Kisha Katiba ya mwaka 1980, na tena ile ya 1987, iliandika ya kuwa raia yeyote asipatwe na hasara kwa tendo la ndugu yake ambalo si lake. Sheria ni njema. Lakini sheria haiwezi kuamuru macho ya jirani. Watoto wa waziri wa zamani aliyekwenda kwa adui, nani hakuwajua?

Mzazi aliyevuka alijua hayo. Hakuwa mtu mjinga. Aliishi katika nyumba za wakubwa, aliona yaliyowapata wengine. Je, mzazi ana haki ya kufuata dhamiri yake huku mzigo ukiwaangukia watoto? Twajibu: iwapo dhamiri yamwamuru kuacha ubaya, yampasa kuuacha, hata watoto wakiumia, maana hatuwezi kutenda dhambi ili kuwaokoa wana wetu. Lakini iwapo analichagua jema fulani kati ya mema mengi, hapo deni la mzazi lina haki ya kutangulia. Hakuna aliyemlazimisha mama Ryu kutenda ubaya huko Marekani alikokuwa. Angeweza kulisemea jambo la muungano pale pale. Kwa hiyo, kwa upande wa watoto, twaona deni ambalo halikulipwa vizuri.

Alipofika Seoul mwaka 2000, alionana faraghani na baadhi ya watoto wake. Fikirini, wasomaji: mama anafika katika mji aliowalea wanawe, naye ni mgeni wa serikali, amezungukwa na walinzi wa pande mbili, saa zimehesabiwa. Yeye aliyeongoza jamaa 100 kwenye furaha alikuwa mwenyewe mmoja wa waliotengana. Mwaka 2016 mwanawe, Choe In-guk, alipewa ruhusa na serikali ya Kusini kwenda kumzika. Na mwezi wa Julai 2019 mwana yule, naye sasa mzee mwenye miaka zaidi ya 70, alivuka, akakaa Pyongyang bila ruhusa ya Seoul. Alisema ya kuwa afuata nyayo za wazazi wake. Watu walimwita majina yale yale mawili: msaliti, mpenda nchi.

Jambo la mwisho la kuongeza ni hili. Mwezi wa Januari 2024 Bunge la Pyongyang lilivunja ile halmashauri ya muungano wa amani ambayo mume wake alikuwa makamu wa mkuu wake. Kim Jong-un alitangaza ya kuwa muungano hautafutwi tena, na Kusini ni nchi ya adui tu. Tao kubwa la muungano lililosimama barabarani Pyongyang likabomolewa. Mama Ryu alikuwa amekwisha kufa miaka 7. Neno lile aliloliachia watoto wake, mabwana aliowatumikia walilifuta kwa siku moja. Hilo si kosa lake. Lakini latufundisha tusiliweke jambo jema mikononi mwa mtu asiyeweza kuulizwa na mtu yeyote.

KIPIMO KWA WOTE

Mtu mwenye haki hutumia mizani moja kwa rafiki na kwa adui. Mwezi wa Februari 1997 Hwang Jang-yop, mwalimu mkuu wa mafundisho ya siasa ya Kaskazini, alikimbilia nyumba ya balozi wa Kusini huko Beijing, akiacha mke na watoto Pyongyang. Seoul ilimpokea kwa shangwe. Pyongyang ilimwita msaliti. Watu 34,000 hivi wamevuka kutoka Kaskazini na kufika Kusini tangu vita, wengi kwa sababu ya njaa na mateso. Sisi twawaonea huruma, na ni haki. Lakini kama deni kwa jamaa iliyobaki ni deni kwa mama Ryu, ni deni vilevile kwa Hwang, ingawa yeye alikimbia ubaya mkubwa, na hilo lapunguza uzito.

Tujipime hata sisi Wakatoliki. Mwaka 1801, utawala wa Korea ulipowatesa waamini, Mkatoliki mmoja, Hwang Sa-yeong, aliandika barua juu ya kitambaa cha hariri kwa askofu wa Beijing. Aliomba msaada, na ndani yake aliomba meli za vita na askari kutoka Ulaya waje kumlazimisha mfalme. Barua ilikamatwa, naye akauawa kama msaliti. Nia yake ilikuwa kuokoa ndugu zake wasiuawe. Hata hivyo, kuita majeshi ya wageni juu ya nchi yake kulikuwa jambo zito. Mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II alipowatangaza watakatifu 103 wa Korea, yeye hakuwamo. Kama twaweza kusema ya mtu wetu kwamba imani yake ilikuwa kubwa na shauri lake lilikuwa baya, tuweze kusema hivyo hivyo ya mtu wa dini nyingine.

HUKUMU YETU

Basi twasema nini juu ya Ryu Mi-yong? Twasema ya kuwa hakusaliti nchi yake, kwani nchi ilikuwa pande zote mbili. Twasema ya kuwa neno alilolitafuta, muungano wa watu wake, lilikuwa jema. Twasema ya kuwa alilikopesha jina lake na heshima yake kwa watawala waliowakanyaga watu, na kimya chake kilipingana na dini yake. Twasema ya kuwa watoto wake walilipa sehemu ya gharama bila kuulizwa. Je, alijua kiasi gani? Aliogopa kiasi gani? Alilia usiku mara ngapi? Hayo twamwachia Mungu, aonaye ndani.

Na kwetu sisi, wasomaji, kuna kazi iliyo karibu zaidi kuliko kuwahukumu Wakorea. Katika mitaa yetu wako watu ambao baba yao, au kaka yao, alikwenda upande mwingine wakati wa fujo fulani. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine kwa nguvu. Jamaa zao tunazijua kwa majina. Mwana wa mtu yule akija kuomba kazi, apimwe kwa mikono yake. Binti akiposwa, asikumbushwe habari za baba yake mbele ya wageni. Mama yao akija kukaa kwenye benchi kanisani, asogezewe nafasi. Wakorea waliliandika neno hilo katika Katiba yao baada ya miaka mingi ya machozi. Sisi twaweza kulianza Dominika ijayo, bila kungoja sheria.